Haji mwenye pumu: sindano tatu, vidonge sita na kadi ya manjano

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 57, mkaazi wa Mombasa, mwenye pumu tangu usichana wake. Mwanzoni mwa Mei 2024 alikuwa amebakisha chini ya wiki nne kuondoka na kikundi chake kwenda Hija. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili hata jirani yake asimtambue. Yanayohusu dawa na chanjo nimeyaacha yalivyo.

Karatasi aliyopewa na wakala wa safari ilikuwa na mambo mengi, lakini yaliyomleta kliniki ni matatu: chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ya homa ya manjano na ya homa ya mafua. Mbili za kwanza ni sharti la kuingia Saudi Arabia kwa anayetoka Kenya. Ya tatu ilipendekezwa tu, na ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Binti yake aliyeko Muscat alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, naye akaniwekea niusikie: "Mama, wewe una pumu, usikubali kudungwa kila kitu. Wenye aleji walizidiwa kule Uingereza." Duka la dawa la mtaani lilikuwa limemwambia vilevile kwa maneno machache zaidi, kwamba mwenye pumu hachanjwi.

Maneno ya binti hayakutoka hewani. Tarehe 8 Desemba 2020, siku Uingereza ilipoanza kutoa chanjo ya Pfizer ya Korona, wahudumu wawili wa afya walipata mzio (aleji) mkali baada ya sindano. Wote wawili walikuwa na historia ya mzio wa aina hiyo, kiasi kwamba walikuwa wakitembea na sindano ya adrenalini. Onyo la kwanza lilikuwa pana, na kabla mwezi haujaisha likapunguzwa, likabaki kwa wenye mzio wa viambato vya chanjo yenyewe. Lakini onyo la kwanza ndilo lililosafiri. Kupunguzwa kwake hakukusambazwa na mtu. Na kwa kuwa wagonjwa wengi wa pumu wana aleji ya vumbi, paka au poleni, wakatiwa wote kapu moja na wale wawili.

Mama huyu alikuwa anakula mayai, samaki na karanga bila tatizo, na hajawahi kuvimba midomo wala kuzirai baada ya sindano yoyote maishani. Swali la mzio likaisha hapo.

Kifua chenyewe

Kabla ya chanjo nilitaka kusikia kifua. Alikuwa akizungumza sentensi nzima bila kukatika, hana homa, oksijeni ya damu asilimia 95, ila filimbi za njia za hewa zilizobana zilisikika pande zote mbili za mgongo. Kipima pumzi, kinachopima kasi ya hewa mtu anapopuliza kwa nguvu, kilisoma lita 240 kwa dakika. Kwa mwanamke wa umri na kimo chake ningetarajia kitu karibu na 400.

Mkobani alikuwa na inhela ya buluu, salbutamoli, ya kufungua njia za hewa haraka, iliyokaribia kwisha. Ile ya hudhurungi, beklometasoni, ambayo ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, hakuwa nayo kabisa. Nikamuuliza aliiacha lini.

"Tangu Ramadhani, mwanangu. Niliogopa isije ikanifunguza."

Hili hutokea kila mwaka Pwani, na hunikera kwa sababu linazuilika kirahisi. Wanazuoni wametofautiana kuhusu inhela na saumu, na wengi wa zama hizi wanaona haibatilishi. Lakini kwa inhela ya hudhurungi hatukuhitaji hata kufika huko. Huvutwa mara mbili kwa siku, saa kama kumi na mbili zikiwa kati yake. Daku mara moja, baada ya futari mara moja, na mchana mtu anafunga kwa raha zake. Mama huyu amekuwa mgonjwa wa pumu zaidi ya miaka 30 na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alifunga mwezi mzima bila kinga ya kifua, akaishia kwenye Idi ya Aprili na masika juu yake, unyevu ukutani, ukungu kwenye dari.

Siku mbili baada ya Idi alibanwa vibaya, akapelekwa hospitali, akawekewa nebulaiza, mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, na kuandikiwa vidonge vya prednisoloni, steroidi inayotuliza uvimbe lakini pia hulaza kinga ya mwili, miligramu 40 kwa siku tano. Hadi hapo matibabu ni sawa kabisa. Akapata nafuu, na nafuu hiyo ikamvutia. Dozi ilipokwisha akaanza kujinunulia mwenyewe vidonge vya miligramu 5, akimeza sita kila asubuhi. "Vile vidogo vinanifungua kifua, tena vinanipa hamu ya kula," akasema. Hakuna aliyemuuliza cheti cha daktari. Tulihesabu siku pamoja tukitumia Idi na harusi ya jirani kama alama, tukapata wiki tatu na nusu kwa jumla, na asubuhi ile pia alikuwa amevimeza.

Kwangu hesabu hiyo iliibadilisha kazi yote. Pumu haikuwa kizuizi cha chanjo hata moja kati ya zile tatu. Kizuizi kilikuwa vidonge, na kilihusu moja tu, ile ambayo yeye hakuiogopa hata kidogo.

Ipi ni hai, ipi si hai

Chanjo ya uti wa mgongo ina vipande vya ganda la bakteria. Chanjo ya homa ya mafua ya sindano ina virusi vilivyouawa, au vipande vyake. Hizi haziwezi kuzaliana mwilini, kwa hiyo haziwezi kumtia mtu ugonjwa, hata kinga yake ikiwa imeshuka. La kuhofia kwa anayemeza prednisoloni nyingi ni kwamba mwili unaweza kuzipokea kwa uvivu, kinga ikatoka haba. (Ipo chanjo ya mafua ya kupuliza puani yenye virusi hai, na hiyo wenye pumu huwekewa tahadhari, hasa watoto wadogo. Huenda duka la dawa lilisikia habari zake likazichanganya. Siyo tuliyokuwa tukizungumzia.)

Chanjo ya homa ya manjano ni jambo jingine. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vya ukoo uitwao 17D, uliopatikana katika miaka ya 1930 kwa kazi ya Max Theiler na wenzake, naye akapewa Tuzo ya Nobel 1951. Ni chanjo nzuri sana, lakini inafanya kazi kwa virusi vyake kuzaliana kidogo mwilini mpaka kinga ivishike. Kinga iliyolazwa na prednisoloni inaweza kuchelewa kuvishika. Ndiyo maana ipo kanuni ambayo kila anayetoa chanjo hai anapaswa kuijua: anayemeza prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa siku 14 au zaidi, asipewe chanjo hai mpaka mwezi upite tangu aache.

Zingatia wanaobaki nje ya kanuni hiyo. Inhela ya hudhurungi haimo. Dozi yake ni ndogo na sehemu kubwa ya kazi yake huishia mapafuni. Dozi fupi ya siku tano, kama ile aliyoandikiwa hospitali, haimo vilevile. Angeishia pale, mlango wa chanjo hai ungekuwa wazi. Lakini miligramu 30 kwa wiki karibu tatu, juu ya zile siku tano, zilimtia ndani ya kanuni bila shaka.

Wala hakuweza kuviacha siku ileile. Prednisoloni ikimezwa kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulala, zikaacha kutengeneza homoni ambayo mwili unaihitaji ukipata homa au mshtuko. Ukikata ghafla, mtu anaweza kuanguka kwa presha. Ilibidi tushuke kidonge kimoja kimoja, kila baada ya siku chache, na hesabu ikaonyesha cha mwisho atakimeza siku ya kuamkia safari. Ongeza mwezi wa kungoja. Chanjo ya homa ya manjano kabla ya Hija haikuwezekana.

Kadi kwenye mfuko wa nailoni

Njia ya kawaida kwa mtu wa aina hii ni barua ya msamaha. Kadi ya kimataifa ya chanjo, ile ya manjano, ina mahali pa daktari kuandika kwamba mwenye kadi hawezi kuchanjwa kwa sababu za kiafya, na kanuni za kimataifa zinaitambua. Shida ni kwamba nchi unayoingia ina haki ya kukuwekea masharti hata ukiwa na barua hiyo. Sikutaka mama wa miaka 57 akazuiwe uwanja wa ndege wa Jeddah, kikundi chake kikitangulia.

Nikamuuliza kama hii ni safari yake ya kwanza. Si ya kwanza. Alikwenda Umra 2013. Alidungwa nini wakati ule? "Nilidungwa, lakini kadi imekufa. Wakala ameiona, akasema ilikwisha mwaka jana, nikadungwe upya."

Nikamwomba ailete hata kama imekufa. Kesho yake akaja nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya nyumba. Ukurasa wa homa ya manjano ulikuwa na vyote: tarehe, sahihi, nambari ya shehena ya chanjo, muhuri uliofifia lakini unasomeka. Kwenye safu ya mwisho mtu aliandika kwa kalamu kwamba kadi ni halali kuanzia siku kumi baada ya sindano hadi 2023.

Tarehe ile ya mwisho haina kazi tena. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali kubadilisha kanuni, na tangu 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinatumika maisha yote ya mwenye nacho. Mabadiliko hayo yanahusu kadi mpya na za zamani pia, ziwe zimeandikwa miaka kumi au laa. Hakuna haja ya kufuta tarehe wala kuandika upya juu yake. Kwa kweli ni afadhali usiiguse, maana kadi iliyokwaruzwa ndiyo itakayotiliwa shaka.

Mama alinitazama kama ninayemfanyia mzaha. Nikampigia wakala simu, nikamtumia na maelezo ya Shirika la Afya Duniani. Akashukuru, ingawa kwa sauti ya mtu asiyependa kusahihishwa. Sitamlaumu sana, kwani wapo watu wa afya ambao bado husoma ile safu ya mwisho na kumrudisha mtu kwenye foleni.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Onyo la binti na la duka la dawa lilimwelekeza aikatae chanjo ya mafua, ambayo ingemfaa. Ushauri wa wakala ulimwelekeza akadungwe chanjo hai asiyoihitaji, katikati ya dozi kubwa ya prednisoloni. Na duka lililosema mwenye pumu hachanjwi huenda ndilo lililomuuzia vidonge bila kumuuliza vya nini, hilo sikulichunguza. Sindano ya homa ya manjano angeweza kuipata siku ile ikiwa mhudumu angemuuliza tu "una ugonjwa gani?" naye akajibu "pumu", wakaishia hapo. Swali la kuuliza ni "unameza nini, tangu lini, kiasi gani?" Pumu peke yake haisemi lolote.

Kungoja siku nne

Zilibaki mbili, uti wa mgongo na mafua. Ya kwanza haikuwa ya kujadiliwa. Mikusanyiko ya Hija ina historia na bakteria hii: mlipuko wa kundi lake la A mwaka 1987, kisha wa kundi la W135 mwaka 2000 na 2001, mahujaji wakaurudisha makwao, na tangu 2002 Saudia ikadai chanjo ya makundi manne. Msimu ule wenyewe wa 2024, Marekani, Uingereza na Ufaransa zilitangaza wagonjwa waliotoka Umra au walioishi na waliotoka huko. Chanjo hiyo lazima itangulie kufika kwa siku 10 au zaidi, nayo ikiwa ya aina ya konjugeti (vipande vya ganda vikiwa vimeunganishwa na protini) hutambuliwa kwa miaka mitano.

Mafua ndiyo yaliyotaka maneno. Rafiki yake wa Likoni alidungwa, siku ya tatu kifua kikabana. Sikumwambia kwamba rafiki anasema uongo. Nilimweleza utafiti ambao watu wa Chama cha Mapafu cha Marekani waliuchapisha 2001, uliohusu wagonjwa wa pumu 2,032, watoto kwa wakubwa. Kila mmoja alidungwa mara mbili kwa wakati tofauti, mara moja chanjo ya mafua, mara nyingine sindano tupu, bila kujua ipi ni ipi. Ndani ya wiki mbili baada ya sindano yenye chanjo, pumu ilizidi kwa asilimia 28.8 yao. Baada ya sindano tupu, asilimia 27.7. Tofauti hiyo haina uzito.

Mimi huzitazama namba hizi kwa jicho jingine. Zaidi ya robo ya watu wenye pumu walizidiwa baada ya sindano isiyo na kitu ndani, kwa sababu pumu huzidi. Dunga watu mia wenye pumu maji matupu leo, na ndani ya wiki mbili zaidi ya robo yao watakuwa na hadithi ya yule rafiki wa Likoni. Nikamwambia, "Mama, yule kifua kingembana hata asingetoka nyumbani." Akafikiri kidogo, akasema: "Na mimi kinanibana bila sindano." Ndivyo.

Pia nilimwambia chanjo isichoweza. Mashambulio mengi ya pumu husababishwa na virusi vya mafua ya kawaida, yale ya kamasi na kupiga chafya, ambavyo chanjo hii haivigusi. Inayomkinga nayo ni homa ya mafua yenyewe, ambayo kwa mwenye pumu hushuka kifuani upesi na kumlaza. Isitoshe, Kenya homa hiyo huzunguka karibu mwaka mzima, hatuna msimu mmoja wa baridi wa kuingoja.

Je, nidunge siku ileile? Kitabuni ningeweza. Kinachoahirisha chanjo ni ugonjwa wa ghafla wa wastani au mkali, na yeye alikuwa mahali pa mpaka: filimbi zipo, homa hakuna. Nilichagua kungoja siku nne. Sindano isingekitibua kifua. Hofu yangu ilikuwa kwamba akilala vibaya usiku ule, sindano ingebeba lawama, na binti wa Muscat angepata ujumbe wa sauti wa kusambaza kwa ukoo mzima. Mwenzangu kliniki hakukubaliana nami, akisema aliye mbele yako leo huenda asirudi. Ana hoja. Angekuwa ametoka mbali, au amebakisha siku 12 kusafiri, ningedunga papo hapo.

Siku hizo nne zilikuwa za kazi. Tulirudisha inhela ya hudhurungi, na nikamwomba anionyeshe anavyovuta ya buluu. Alibonyeza kwanza, kisha akavuta, na wingu zima la dawa likatoka mdomoni kama moshi wa udi. Miaka yote ile nusu ya dawa ilikuwa ikiishia hewani. Hakuwa na kifaa cha kuunganishia, yaani chombo kinacholishika wingu la dawa mpaka mtu alivute, basi tukatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, tukakaza kwa gundi. Watafiti wa Cape Town walikwisha kuonyesha 1999 kwamba chupa ya namna hiyo huwafaa watoto wenye pumu sawa na kifaa cha dukani. Siku ya nne kipima pumzi kikasoma 310. Akadungwa uti wa mgongo mkono wa kushoto, mafua mkono wa kulia, akakaa benchi dakika 30, akaenda zake. Jioni mkono wa kushoto ulimuuma. Hilo ndilo lililotokea.

Aliondoka mwisho wa Mei na inhela mbili za buluu mkobani, moja ya hudhurungi, chupa yake, na barua inayosema amemeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, ili akiugua huko wajue tezi zake bado zinaamka. Nilimsisitizia asiache inhela juani. Mwaka ule Makka ilifika nyuzi 51.8, na mkebe wa dawa iliyoshindiliwa haupendi joto hata kidogo. Kadi ya manjano ya 2013 ilitazamwa mara moja uwanjani, ikarudishwa, hakuulizwa neno.

Alirudi na kikohozi, kama karibu kila haji ninayemjua. Alitumia ya buluu mara nyingi zaidi kwa siku tano au sita, hakulazwa, hakumeza vidonge. Sisemi chanjo ndiyo iliyomwokoa. Mtu mmoja hathibitishi kitu, na inhela ya hudhurungi pamoja na ile chupa huenda vilifanya kazi kubwa zaidi. Tulichobakiza ni chanjo ya nimonia, ambayo watoto wa Kenya hupewa tangu 2011 na watu wazima hujilipia. Nilitaka kwanza apumzike na prednisoloni ili mwili uipokee vizuri. Bei aliyotajiwa ilimfanya aseme atamtumia binti ujumbe wa sauti.